Dirisha liko mgongoni kwangu: ninunue skrini inayong'aa au ya mati?

"Natafuta kompyuta mpakato mpya. Kazi yangu kubwa ni kuandika, na siku mbili tatu kwa wiki nahariri picha. Meza yangu imeelekea ukutani, dirisha kubwa liko mgongoni, na joto likizidi ndani natoka nje na kukaa kivulini. Kompyuta niliyonayo ina kioo kinachong'aa. Kuanzia saa nne asubuhi naona shati langu na uso wangu kuliko maandishi. Fundi mmoja ameniambia nitafute skrini ya mati kwa sababu hairudishi mwanga kabisa. Mwenzangu kazini anasema mati hufifiza rangi, si ya mtu wa picha, nibandike tu plastiki ya kuzuia mwako kwenye hii niliyonayo. Mimi kinachonitisha zaidi ni macho: jioni yananiwasha, na kichwa kinauma juu ya nyusi. Je, mng'ao huu unaniharibia macho? Na nichague skrini ipi?"

Ndugu msomaji, pole kwa macho na pole kwa kichwa. Nianze hapo, kwa sababu naona ndiko hofu yako ilikolala.

Mwako unaorudi kutoka kwenye skrini hauharibu macho. Fikiria umetoka wapi: ni mwanga wa dirisha lililo nyuma yako, umegonga kioo, na sehemu ndogo tu imekurudia. Ukigeuza kichwa ukalitazama dirisha lenyewe, jicho lako linapokea mwanga huohuo mara 25 zaidi, na hakuna aliyepofuka kwa kutazama nje dirishani. Unachokipata jioni ni uchovu. Lakini uchovu huo ni wa kweli, na una sababu zake.

Mtu akikaza macho kwenye skrini hupepesa mara chache kuliko anapozungumza na mwenzake, na mara nyingine kope hazifiki chini. Machozi yanayolainisha jicho hukauka, na ndio huo muwasho. Halafu wewe unakunja uso mchana kutwa ili uzione herufi zilizojificha ndani ya shati lako, na misuli inayokunja uso iko hapohapo juu ya nyusi unapoumwa. Kuna na kazi nyingine ambayo huihisi ikifanyika. Herufi ziko nusu mita kutoka machoni pako, ila picha ya dirisha ndani ya kioo haiko hapo. Kama dirisha liko mita 2 kutoka kwenye skrini, picha yake nayo huonekana kana kwamba iko mita 2 nyuma ya skrini. Jicho limepewa vitu viwili kwenye mstari mmoja, kimoja karibu na kingine mbali, nalo linavutwa huku na huku. Jaribu leo: kazia macho herufi moja, kisha, bila kusogeza kichwa, tazama fremu ya dirisha ndani ya kioo. Utaiona ile herufi ikigeuka ukungu. Ukirudi kwenye herufi, fremu nayo inafifia. Kuvutana huko ndiko kunakokuchosha.

Na kabla sijaliacha suala la macho, usishawishike kununua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu kwa ajili ya tatizo hili. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, yaliona kwamba miwani hiyo huenda haipunguzi uchovu wa macho wa muda mfupi ikilinganishwa na miwani ya kawaida. Tatizo lako halina uhusiano na rangi ya mwanga. Linahusu mahali mwanga huo unakotoka na wingi wake.

Sasa twende kwa fundi wako. Amekupa ushauri ambao unaweza kukufaa, ila sababu aliyokupa si sahihi, na usipoijua sababu yenyewe utanunua kitu kisha ukilaumu bure.

Kiswahili chetu kinaita kwa jina moja kioo cha dirishani, kioo cha kujitazamia na kioo cha kompyuta. Kwa jambo hili lugha imepatia, maana kila kimoja hupitisha mwanga na kila kimoja huurudisha. Mwanga unaposafiri hewani ukakutana na kioo kitupu, karibu asilimia 4 hurudi ukiwa umekuja wima, na kadiri unavyokuja kwa kulala ndivyo kinachorudi kinavyoongezeka. Asilimia hiyo 4 inatokana na kioo kuwa kioo. Ukikikwaruza, bado ni asilimia 4, ila haiendi tena upande mmoja.

Hiyo ndiyo kazi ya mati. Uso wake una vinundu na vishimo vidogo mno kuonekana kwa macho, na kila kimoja kimeinamia upande wake. Tazama bahari ikiwa shwari kabisa wakati jua linazama: utaliona jua ndani ya maji, duara moja kali lisilotazamika. Upepo ukivuma kidogo, duara linavunjika na kuwa njia pana ya vimulimuli. Maji hayakumeza jua. Mwanga ni uleule, umetandazwa tu. Skrini inayong'aa ni bahari iliyotulia, na ya mati ni bahari yenye viwimbi.

Ukitaka kuliona hili kwa karibu, tafuta kioo cha ukungu, kile cha dirisha la bafu, ubandike kipande cha selotepu upande wenye ukwaruzo na ukikandamize vizuri kwa kidole. Chini ya selotepu kioo kitakuwa angavu, utaona hadi upande wa pili. Gundi imejaza vishimo na uso umekuwa laini tena. Kwa sababu hiyohiyo alama ya kidole chenye mafuta kwenye skrini ya mati huonekana kama doa linalong'aa: mafuta yameingia vishimoni. Watu hudhani rangi ya skrini imebanduka, kumbe ni mafuta tu. Kitambaa laini chenye unyevu mdogo kinatosha kuyaondoa. Usitumie dawa ya vioo yenye amonia wala asetoni, kwenye skrini ya aina yoyote ile.

Basi kutandaza mwanga kunasaidia lini? Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na naomba unifuate polepole, kwa sababu tutapiga hesabu kidogo.

Mwangaza wa kitu kinachotazamwa hupimwa kwa niti. Skrini za kawaida za kompyuta mpakato hutoa kati ya niti 250 na 300 ukiziwasha hadi mwisho, na nzuri zaidi hutoa 400 au 500. Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa luksi. Ofisi yenye taa za kutosha ina luksi 300 hadi 500. Nje kivulini, mchana kweupe, unaweza kupata luksi 10,000. Juani ni karibu 100,000.

Chukua skrini ya niti 300 isiyo na utando wowote wa kuzuia kuakisi (nitaueleza mbele), ndani ya chumba chenye luksi 500. Ukuta mweupe ulio nyuma yako unakuwa na takriban niti 127. Asilimia 4 yake ni niti 5. Hizo tano zinajumlishwa juu ya kila kitu, juu ya weupe na juu ya weusi. Weupe unakuwa 305, weusi unakuwa tano na kitu, na uwiano kati yao unakaribia 58 kwa 1. Utasoma kwa raha, wala hutaona kama kuna kitu kinaakisiwa. Sasa ichukue skrini hiyohiyo nje kivulini ukiwa umevaa shati jeupe. Shati lako lina niti 2,500 hivi, na asilimia 4 yake ni 100. Weupe unakuwa 400, weusi 100, uwiano ni 4 kwa 1. Maandishi yanasomeka, ila kwa taabu. Ingia juani: shati lina niti 25,000, zinazorudi ni 1,000, na uwiano unakuwa 1.3 kwa 1. Hapo umeshika kioo cha kujitazamia. Rangi nyeusi ya skrini haijaenda popote, imefunikwa tu na weupe wa shati.

Ndani ya hesabu hiyo sikutaja kama skrini ni ya mati au inang'aa, na nilifanya hivyo makusudi. Ukiwa nje kivulini, mwanga unakuja kutoka kila upande: mbingu, ukuta, ardhi, shati. Mati ikitandaza mwanga wa upande huu kwenda ule, na wa upande ule kuja huku, mwisho wa yote kila sehemu ya skrini inabaki na wastani uleule. Hukupata nafuu ya maana kwenye usomaji wa herufi. Ulichopata ni kwamba huoni tena sura ya shati wala vifungo vyake, bali ukungu uliosambaa sawa. Kwa jicho hiyo ni nafuu, kwa sababu kile kitu cha pili cha kukimbizana nacho kimeondoka. Lakini weusi haukurudi.

Mati inashinda kweli pale mwanga mkali unapotoka kwenye eneo dogo: taa ya dari, dirisha lililo mbali, mlango uliofunguliwa. Tuseme mbingu inayoonekana dirishani ina niti 5,000. Kwenye kioo kitupu utaona kipande cha niti 200 chenye umbo la dirisha, kimekaa juu ya sentensi unayoiandika. Mati ikikitandaza kwenye eneo kubwa mara 10, kila sehemu inapata niti 20 tu. Sentensi yako imerudi. Hali yako ya ndani iko karibu na mfano huu, na ndiyo maana fundi, japo alikosea sababu, hakukupotosha kabisa.

Kuna na mahali mati inaposhindwa. Jua likiingia kwa pembeni na kuipiga skrini moja kwa moja, kioo kinachong'aa hulitupa upande wa pili wa chumba, na wewe uliyekaa katikati huoni kitu. Mati hutawanya miale hiyo pande zote na sehemu yake inakufikia, hivyo skrini nzima inageuka maziwa. Nimeona watu wakibadili kompyuta kwa ajili ya kuepuka kuakisiwa kwa taa, kisha wakalalamika kwamba kila alasiri kompyuta mpya inafifia kuliko ya zamani. Ni ule mstari wa jua unaopita mezani saa kumi. Pazia jepesi linaumaliza.

Kitu ambacho fundi wako hakukitaja, na ambacho mimi nakipa uzito kuliko mati yenyewe, ni utando wa kuzuia kuakisi. Huu hautandazi mwanga, huupunguza hasa. Ni tabaka jembamba mno, kiasi cha nanomita 100, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanga hurudi kutoka juu ya tabaka na pia kutoka chini yake. Unene umepimwa ili wimbi linalotoka chini lichelewe nusu hatua, na likikutana na la juu, kilele cha moja kinaangukia bonde la jingine na yote mawili yanafutana. Mwanga ule haupotei. Hupenya kioo badala ya kurudi. Mwanafizikia Alexander Smakula aliutengeneza kwa ajili ya lenzi za kampuni ya Carl Zeiss mwaka 1935, na mwaka 1938 mwanasayansi Katharine Blodgett wa kampuni ya General Electric, Marekani, alionyesha kioo kisichoakisi kilichopakwa matabaka 44, kila moja likiwa na unene wa molekuli moja. Leo tabaka zuri hushusha ile asilimia 4 hadi 1 au chini yake. Turudi kwenye hesabu yetu ya kivulini: niti 100 za shati zinakuwa 25, na uwiano unapanda kutoka 4 hadi 13 kwa 1, bila kuongeza hata chembe ya umeme.

Utaujuaje? Zima skrini, kisha tazama taa ikijionyesha ndani yake. Taa ikionekana nyeupe na kali kama ilivyo juu, kioo ni kitupu. Ikionekana hafifu, yenye rangi ya zambarau, bluu au kijani, kuna utando. Rangi hiyo inatokea kwa sababu unene mmoja hauwezi kufuta mawimbi ya rangi zote kwa usawa. Umeshaiona kwenye lenzi za kamera na kwenye miwani. Na fahamu kwamba utando na mati havipingani. Skrini inaweza kuwa na vyote viwili, ikawa na kimoja, au isiwe na chochote. Swali la "inang'aa au mati" linaficha hilo.

Mwenzako naye anasema mati hufifiza rangi. Kuna ukweli ndani yake, ingawa ameuvuta mbali mno. Katika chumba chenye mwanga uliotulia, kioo kinachong'aa hutoa weusi wenye kina na rangi zinazoruka machoni, kwa kuwa hakuna kinachotawanywa juu yake. Mati huongeza ukungu kidogo, na zile za bei ya chini huongeza chembechembe: fungua ukurasa mweupe mtupu na utaona kama vumbi la sukari linalomeremeta, hasa kwenye skrini yenye pikseli, yaani vile vinukta vinavyounda picha, ndogo sana. Vinundu vya uso vinakuwa na ukubwa unaokaribiana na wa pikseli, na kila kimoja kinafanya kazi ya kilenzi. Mati nzuri ina vinundu vidogo zaidi na chembe hizo hazionekani. Apple, kwa mfano, mwaka 2019 ilianza kuchonga vinundu vya kiwango cha nanomita kwenye kioo cha skrini yake ya mezani ya Pro Display XDR, na mwaka 2024 ikaleta chaguo hilo kwenye kompyuta mpakato zake za MacBook Pro. Hata hivyo, skrini nyingi za mezani zinazotumiwa na watu wanaohariri picha kama kazi yao ya kila siku ni za mati, na hawajafa njaa. Kinachoharibu rangi za picha kuliko mati ni kuhariri mahali penye mwanga unaobadilika. Ukiwa nje, macho yamezoea mwangaza, utaona picha ni nyeusi na utaiongezea mwanga. Ukirudi ndani usiku utaikuta imepauka. Kwa hiyo, nakuomba, andika popote upendapo, lakini picha ziharirie ndani, mbali na miale, skrini ikiwa kwenye niti 80 hadi 120.

Kuhusu plastiki ya kubandika, mimi siipendi sana, ingawa sikatai kwamba imewasaidia watu. Ile inayogandamana na kioo moja kwa moja hufanya kazi ya mati ya kawaida, pamoja na chembe zake na mapovu ya hewa yasiyotoka. Ile inayoshikwa kwa sumaku au kwa vibanio pembeni huacha nafasi ya hewa katikati, na kila mpaka wa hewa na plastiki ni mahali papya pa kuakisi, kwa hiyo unaongeza tatizo ulilotaka kuliondoa. Zile za faragha, za kumzuia jirani asichungulie, hula mwanga wa skrini na hazikufai kabisa mahali penye mwangaza. Tena kompyuta mpakato za sasa hufunga kwa kubana: Apple huonya watumiaji wake wasifunge kompyuta ikiwa na kifuniko cha kamera, kwa kuwa kitu kidogo cha namna hiyo kinaweza kuivunja skrini. Ukiamua kubandika, chukua iliyo nyembamba kabisa, inayogandamana, na ujaribu kuifunga taratibu kabla hujaibana.

Lakini ndugu yangu, kabla ya plastiki na kabla ya dukani, kuna meza. Umekaa umelipa dirisha mgongo. Hakuna mpangilio mbaya kuliko huo, kwa kuwa umeielekeza skrini moja kwa moja kwenye dirisha. Usigeuke ukakaa ukilitazama dirisha pia: mbingu kali nyuma ya skrini itafanya mboni zako zijibane, na skrini utaiona giza. Iweke meza ili dirisha liwe ubavuni, kushoto au kulia. Kisha zima skrini, ukae kama unavyokaa kazini, na utazame ndani ya kile kioo cheusi. Chochote chenye mwanga unachokiona humo ndicho kinachokusumbua. Isogeze taa, iinamishe skrini kidogo mbele ili isitazame dari, hadi ndani yake ubaki ukuta na wewe mwenyewe. Halafu badili shati. Shati jeusi au la bluu iliyokolea hurudisha mwanga mara nyingi chini ya jeupe, nawe hesabu umeshaiona.

Nje kivulini fanya vilevile: tafuta ukuta wenye kivuli ukae umeupa mgongo, ili skrini itazame ukuta huo na isitazame mbingu. Tumia maandishi meusi juu ya weupe, kwa kuwa ukurasa mweusi ni shamba la kuakisi, kila kitu kinaonekana humo. Angalia pia kama kompyuta haijipunguzii mwanga yenyewe ikitoka kwenye chaji. Nyingi hufanya hivyo kuokoa betri na mtu akadhani kioo kimechoka. Joto nalo lizingatie. Kompyuta mpakato nyingi zimetengenezwa kwa hewa isiyozidi nyuzi 35 hivi, na zikipata moto baadhi hushusha mwanga wa skrini. Ukivaa miwani ya jua ya polaraizi usishtuke skrini ikigeuka nyeusi ukiinamisha kichwa. Mwanga wa skrini nyingi hutoka ukiwa umepangwa upande mmoja, na miwani hiyo huuzuia.

Sasa ununuzi. Kwa mtu anayeandika zaidi ya anavyohariri, na anayetoka nje, ningechukua skrini ya mati yenye niti 400 au 500. Lakini ukikuta dukani mbili zimebaki, moja ya mati yenye niti 250 na nyingine inayong'aa yenye niti 500 na utando mzuri, chukua inayong'aa bila kusita. Kivulini ile ya kwanza ikiwa haina utando itakupa uwiano wa 3.5 kwa 1, na ya pili itakupa 21. Aina ya uso peke yake isikuamulie.

Muuzaji akikutajia niti 1,000, muulize ni za ukurasa mzima mweupe au za kilele tu. Namba za kilele mara nyingi hupatikana kwenye sehemu ndogo ya skrini, kwenye video maalumu, kwa muda mfupi. Wewe unaandika kwenye ukurasa mweupe siku nzima. Zile za OLED, ambazo kila kinukta chake hutoa mwanga wake chenyewe, nyingi zinang'aa, na weusi wake gizani ni wa ajabu, lakini umeshaona kinachotokea kwa weusi wowote ule kivulini. Usilipie weusi utakaoutumia usiku tu. Skrini za kugusa pia nyingi zinang'aa, kwa kuwa zina kioo kigumu cha ziada juu. Kama huhitaji kugusa, usiichukue.

Kuna hali mbili za kuacha kunisikiliza mimi na kwenda kwa daktari wa macho. Ukipangilia meza, ukakumbuka kupepesa na kutazama mbali kila baada ya dakika 20, na bado kichwa kinauma wiki mbili baadaye, au kinauma hata siku ambazo hukugusa kompyuta, kapimwe. Mara nyingi ni miwani inayohitajika au iliyopitwa na wakati, hasa ukishapita miaka 40, ambapo lenzi ya jicho huanza kugoma kuona karibu. Vivyo hivyo kama taa za usiku zina duara la mwanga kuzizunguka, au taa za magari zimeanza kukuumiza kuliko zamani: mtoto wa jicho huanza hivyo, na hakuna skrini itakayoutibu. Nyingine ni ya kwenda siku hiyohiyo: jicho jekundu lenye maumivu na lisilostahimili mwanga, vimulimuli vya ghafla, vidoa vingi vyeusi vinavyoelea, au kitu kama pazia linaloshuka upande mmoja wa unachokiona.

Ukienda dukani, omba kuitazama ile kompyuta karibu na mlango, si ndani kwenye taa zao zilizopangwa. Ichomoe kwenye chaji, ongeza mwanga hadi mwisho, fungua ukurasa mweupe utafute zile chembe za sukari, kisha izime utazame taa ikionekana rangi gani ndani yake. Vaa shati jeupe siku hiyo. Ila kwanza geuza meza yako, ukae nayo wiki moja. Huenda ukagundua kwamba unachohitaji kununua ni pazia.